Friji yako inakula uniti ngapi? Chukua karatasi tupige hesabu

Nyumba nyingi zenye friji hapa Mpanda zina ugomvi unaofanana. Uniti zimeisha kabla ya siku zake. Baba anauliza nani huwa anaacha mlango wa friji wazi, mama anasema ni pasi na televisheni, watoto wanakana wote kwa pamoja. Mwisho wa mjadala friji inazimwa usiku "ili ipumzike", na asubuhi maziwa ya mtoto yamekatika.

Ugomvi huo unamalizika kwa kalamu, karatasi na saa ya simu. Hesabu yenyewe haizidi ile ya kujumlisha na kuzidisha, na mtoto wa darasa la sita anaweza kukusaidia. Lakini kwanza tuone kwa nini inafaa kuhangaika nayo.

Kwa bei za umeme zilizopangwa na EWURA kuanzia Aprili 2016, mteja wa nyumbani anayetumia kwa wastani uniti 75 au pungufu kwa mwezi yuko kundi la D1. Analipa Sh100 kwa uniti, na akizidisha 75 kila uniti ya ziada ni Sh350. Mwenye wastani wa juu zaidi anawekwa kundi la T1, ambako uniti zote ni Sh292, kuanzia ya kwanza. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Uniti ya D1 inakuwa Sh122, ya ziada Sh427, na ya T1 takriban Sh356.

Hujui uko kundi gani? Angalia ulichopata mara ya mwisho. Sh5,000 ikikupa uniti kama 41, uko D1. Ikikupa 14, uko T1. (Usitumie manunuzi ya kwanza ya mwezi kwa hesabu hii, maana kodi ya jengo huwa imekatwa humo.)

Sasa, taa haziwezi kuivusha familia ya kawaida mstari wa uniti 75. Simu haziwezi. Kinachoweza kukaa kimya pale ukutani na kuuvuka mstari huo bila mtu kujua ni friji.

Friji haitengenezi baridi

Watu wengi tunaiona friji kama jiko lililogeuzwa: jiko linatengeneza moto, friji inatengeneza baridi. Sivyo. Friji ni kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Joto linaingia ndani kutoka pande zote, kompresa inalichota na kulitupa nje. Ndiyo maana wavu wa nyuma, au mbavu za friji mpya, ukigusa ni moto. Hilo ni joto lililokuwa kwenye maji yako ya kunywa.

Kwa hiyo swali la uniti ngapi linageuka kuwa joto kiasi gani linaingia. Linaingia kwa njia nne tu: kupita ukutani, kwenye raba ya mlango, unapofungua mlango, na ndani ya vitu unavyoweka. Friji za kawaida za nyumbani huchota takriban wati 1.3 za joto kwa kila wati 1 ya umeme. Tutaitumia namba hiyo hadi mwisho. Friji yako inaweza kuwa bora kidogo au mbaya kidogo, lakini picha haibadiliki.

Tuanze na ukuta, maana ndiko kwenye mzigo mkubwa, na ndiko hakuna anayekuangalia.

Chukulia friji ya milango miwili yenye upana wa sentimita 55, kina 55 na urefu 140. Ukipima pande zake zote sita kwa futi ya fundi cherehani na kutoa kidogo kwa sababu ndani ni ndogo kuliko nje, unapata eneo la takriban mita za mraba 3.5. Friza ya juu inachukua 0.9, sehemu ya chini 2.6. Katikati ya bati la nje na plastiki ya ndani kuna lile povu gumu la rangi ya njano, unene wake kwa kawaida kama sentimita 4. Povu la namna hiyo likiwa zima, kila mita ya mraba hupitisha wati 0.6 za joto kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani.

Sasa tuweke joto la hapa kwetu. Oktoba, kabla mvua hazijakolea, nyumba ya bati isiyo na dari nzuri tuipe wastani wa nyuzi 28 mchana na usiku. Ndani ya friji tunataka 5, kwenye friza 18 chini ya sifuri. Tofauti ni nyuzi 23 chini na 46 juu.

Sehemu ya chini: 2.6 mara 0.6 mara 23, ni wati 36. Friza: 0.9 mara 0.6 mara 46, ni wati 25. Jumla wati 61, kama balbu moja ya zamani, inayowaka ndani ya friji saa 24 bila swichi ya kuizima. Kwa siku ni karibu uniti 1.5 za joto. Gawanya kwa 1.3, unapata uniti 1.1 za umeme. Mwezi mzima ni 34, na hujaweka hata chupa moja ya maji.

Hesabu hiyo hiyo ukiirudia kwa Juni au Julai, usiku wa Mpanda unapodai blanketi na wastani wa ndani ya nyumba unashuka hadi nyuzi 21 hivi, friji inakula kama uniti 0.8 kwa siku. Mwezi ni 24. Kwa hiyo ukiona uniti zinaisha haraka Oktoba kuliko Julai, usimlaumu mtoto kwanza.

Hapo hapo tazama ilipokaa. Jikoni, karibu na jiko la mkaa au gesi, au mahali jua la saa tisa linapopiga ukuta, hewa inayoizunguka friji inaweza kuwa nyuzi 34. Wati 61 zinakuwa 73, na kompresa inapata shida zaidi kutupa joto kwenye hewa ambayo tayari ni moto. Nyongeza yake ni karibu uniti 10 kwa mwezi. Kuihamishia sebuleni, sentimita 10 kutoka ukutani, hakugharimu kitu zaidi ya vijana wawili wa kubeba. Na ule wavu wa nyuma, kwa vumbi letu la kiangazi, unahitaji brashi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Chomoa waya kwanza.

Mlango unaonewa, raba inasahaulika

Hapa ndipo wazazi wengi tunakosea adui. Mtoto akisimama mbele ya friji akiwaza anataka nini, anapigiwa kelele. Tupime kosa lake.

Sehemu ya chini ya friji yetu ina hewa kama lita 150. Tuseme kila anapofungua, hewa yote inatoka na kuingia ya nyuzi 28 yenye unyevu wa kawaida. Joto linaloingia na hewa hiyo, pamoja na la unyevu unaogeuka maji, ni kama uniti 0.0022. Fungua mara 40 kwa siku, ambayo ni nyumba yenye watoto likizo, na umeme uliotumika ni uniti 0.07. Kwa mwezi ni 2. Hewa ni nyepesi, haibebi joto jingi. Kinachobeba joto ni maji na chakula.

Sikatazi kuwakemea watoto. Mlango ulioachwa wazi robo saa ni jambo jingine, na mlango usiofungwa vizuri ni jambo jingine kubwa zaidi.

Raba ya mlango ikikakamaa, ikipasuka au ikijaa sukari ya juisi iliyoganda, inaacha upenyo. Tuseme upenyo huo unabadilisha hewa yote mara moja kila dakika 5. Ni mara 288 kwa siku, usiku na mchana, nyumba nzima ikiwa imelala. Inafika karibu uniti 0.5 kwa siku, 15 kwa mwezi. Ni mara saba ya kosa la yule mtoto.

Kipimo chake ni noti. Weka noti kati ya raba na bati, funga mlango, kisha ivute taratibu. Ikishikwa, sawa. Ikitoka yenyewe, hapo pana upenyo. Zunguka mlango mzima, hasa pembe za chini na upande wa bawaba. Dalili nyingine ni barafu inayorudi haraka kwenye friza, matone ya maji karibu na raba, na kompresa isiyonyamaza. Mara nyingi dawa ni maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa. Raba iliyopinda unaweza kuilainisha kwa kitambaa cha maji ya moto ikarudi. Ikishindikana, inunuliwe nyingine, na fundi apime mlango kabla ya kukata.

Nikigusia mafundi: ukiambiwa "mama, gesi imeisha", muulize imetokea wapi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na friji nzima inaweza kumaliza miaka mingi bila kuongezwa. Ikipungua kuna tundu, na kujaza bila kuziba tundu ni kulipa mara mbili. Kama kibandiko kinasema R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto kama ya kupikia, hivyo asiunguze bomba kwa moto huku gesi ikiwa ndani.

Sufuria la moto

Maji ndiyo yanayobeba joto. Familia ya watu sita inayochemsha maji ya kunywa inaweza kupooza lita 10 kwa siku. Yakiingia yakiwa nyuzi 28 yanahitaji umeme wa uniti 0.2. Yakiingia nusu yake, lita 5, yakiwa bado na nyuzi 70, hizo tano peke yake zinakula 0.29 badala ya 0.10. Tofauti ya karibu uniti 6 kwa mwezi kwa sababu ya haraka tu. Maji yaliyochemshwa yanaweza kupoa usiku kucha kwenye ndoo yenye mfuniko bila madhara, na asubuhi yakaingia kwenye chupa.

Chakula ni kesi tofauti, na hapa naomba mzazi usipige hesabu ya umeme peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, maana vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na 60. Maharage, wali, nyama na uji wa mtoto vyote vimo. Ukisubiri sufuria la maharage la lita 5 lipoe lenyewe jikoni, unaweza kufika saa sita usiku bado ni vuguvugu. Liweke sufuria ndani ya beseni la maji ya bomba, koroga, badilisha maji mara moja. Kisha gawa kwenye vyombo vifupi na uingize. Beseni limechota joto jingi bure, friji inamalizia kidogo.

Samaki pia. Migebuka ya kutoka Ikola na Karema ikifika sokoni kwa bei nzuri, watu wananunua ya wiki. Kilo 5 kugandishwa kutoka joto la sokoni huchukua kama uniti 0.4. Hiyo ni bei ndogo ukilinganisha na kwenda sokoni kila siku. Ila usiirundike yote katikati ya friza kwa mkupuo. Itandaze, igusane na ubaridi, vinginevyo ya katikati itakaa saa nyingi bila kuganda.

Sasa tujumlishe

Friji yetu, mwezi wa Oktoba: ukuta 1.13, kufungua mlango 0.07, maji 0.2, vyakula vidogo vidogo 0.05. Jumla uniti 1.45 kwa siku, takriban 43 kwa mwezi.

Taa sita za LED za wati 9 kwa saa 5, televisheni ya wati 60 kwa saa 6, chaji za simu, na pasi kwa dakika ishirini: yote pamoja hayafiki uniti 1 kwa siku. Tuseme 30 kwa mwezi. Familia hii inatumia uniti 73. Iko chini ya mstari kwa uniti mbili, na inalipa kama Sh8,900 kwa mwezi.

Raba ikilegea, ongeza 15. Maji ya moto, ongeza 6. Sasa ni 94. Mwezi huo bili inakuwa karibu Sh17,300, kwa sababu uniti 19 za ziada zimetozwa Sh427 kila moja. Hali ikiendelea na familia ikahamishiwa T1, uniti zile zile 94 ni karibu Sh33,500. Hakuna aliyenunua kifaa kipya. Taa ni zile zile. Tofauti ya zaidi ya Sh24,000 kwa mwezi imetokea kwenye raba na sufuria.

Barafu za biashara ndizo zinazoteleza zaidi. Mama anagandisha pakiti 10 za nusu lita kwa siku kwenye friza ya juu na kuuza. Kuganda kwa kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 28 hadi 18 chini ya sifuri ni uniti 0.136 za joto. Kwa kilo 5, umeme ni uniti 0.52 kwa siku, 16 kwa mwezi. Kwa bei ya T1 ni kama Sh19 kwa pakiti, na ukiuza Sh100 inaonekana faida safi.

Lakini zile uniti 16 ndizo zilizoisukuma nyumba kutoka 73 hadi 89. Zile 73 za mwanzo, zilizokuwa Sh8,900, kwa T1 ni Sh26,000. Ongezeko hilo la Sh17,000 ni mzigo wa barafu, si wa taa. Ligawe kwa pakiti 300 za mwezi, ni Sh57. Gharama halisi ya umeme kwa pakiti inakuwa Sh76. Zinabaki Sh24 za kulipia maji, mifuko na nguvu ya mama. Kwa pakiti chache namna hiyo, biashara inamfanyia kazi LUKU. Kwa aliye T1 tayari, gharama ni zile Sh19 tu, na biashara ina maana. Mwenye kutaka kuuza barafu kwa dhati akae na hesabu hii kabla ya kununua friza kubwa.

Pima ya kwako

Namba zilizopita ni za friji ya mfano. Ya kwako unaipima usiku mmoja.

Saa 3 usiku zima kila kitu, chomoa chaji na televisheni, acha friji peke yake. Andika uniti zinazoonekana kwenye LUKU. Saa 12 asubuhi, kabla mtu hajawasha taa, andika tena. Tuseme ilikuwa 46.2 na sasa ni 45.8. Friji imekula 0.4 kwa saa 9. Zidisha kwa 24, gawa kwa 9: ni 1.07. Usiku ni baridi na hakuna anayefungua, hivyo ongeza robo. Friji yako iko kwenye 1.3 kwa siku, hali ya kawaida. Ukikuta usiku imekula 0.8, una friji ya uniti zaidi ya 2 kwa siku, na kuna kitu kinavuja au kimeziba.

Kama mita yako inaonekana, kuna njia ya haraka ambayo watoto huipenda. Ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni imeandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Kama ni 1000, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Friji ikiwa peke yake na kompresa inanguruma, hesabu mipepeso kwa dakika 6, zidisha kwa 10. Ukipata 100, kompresa inavuta wati 100. Kisha ipime kwa saa: inanguruma dakika ngapi, inanyamaza ngapi. Ikinguruma 20 na kunyamaza 20, ni nusu ya muda, yaani wati 50 kwa wastani, uniti 1.2 kwa siku. Isiyonyamaza kabisa ni mgonjwa, au iko kwenye joto lisilo lake.

Usizidishe ampea za kwenye kibandiko kwa volti 230 ukadhani ndiyo matumizi. Utapata namba kubwa kuliko ukweli na kuogopa bure.

Na ile tabia ya kuzima usiku? Friji ya mfano, usiku wa nyuzi 20, inakula karibu uniti 0.3 kwa saa 9. Ukiizima, ndani panapanda joto taratibu, joto linaloingia linapungua kidogo, lakini lililoingia lote linabaki likisubiri kuchotwa asubuhi. Unachookoa ni kama uniti 0.1. Kwa D1 ni Sh12, kwa T1 Sh36. Kikombe kimoja cha maziwa kilichokatika kimeshazidi hapo, na uji wa mtoto uliolala kwenye nyuzi 12 si wa kumpa. Afadhali kitufe cha baridi kiwekwe katikati badala ya namba ya juu kabisa. Namba zile, 1 hadi 7, si nyuzi joto. Kubwa ndiyo baridi kali, na Julai haina kazi.

Unaponunua ya mtumba

Friji nyingi za mtumba zinakuja na kibandiko cha Ulaya kinachotaja matumizi ya mwaka. Cha zamani kilipimwa kwenye chumba cha nyuzi 25, kwa hiyo kwa Oktoba ya Mpanda ongeza. Tafuta pia herufi za daraja la hali ya hewa. N imetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Chagua T ukiipata, ST ikikosekana.

Kisha iwashwe dukani kwa saa moja na upapase. Mbavu kuwa moto si tatizo, kwenye friji nyingi mabomba ya joto yamepita humo. Tatizo ni sehemu moja ya ukuta au ya mlango iliyo baridi na yenye jasho. Hapo povu limelowa au limeachana, na hakuna fundi wa kulirudisha. Friji ya bei nafuu yenye ukuta mbovu utailipia kila mwezi.

Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na wazazi wa hapa hawahitaji kufundishwa kuhusu kukatika kwa umeme. Ila kuna hesabu moja ya mwisho inayosaidia siku hiyo. Kilo 5 za barafu, zile chupa za maji zilizogandishwa na kuachwa friza muda wote, zinapoyeyuka humeza joto sawa na uniti 0.46. Kwa wati 61 zinazoingia, ni kama saa 7 au 8 za kinga. Umeme ukikatika, hamisha chupa mbili tatu kwenye sehemu ya chini, jirani na maziwa na mboga, funga mlango na uwaambie watoto usifunguliwe. Ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha, kompresa ipate kutulia. Na chupa zirudishwe friza usiku huo huo.